Gari la Pili la Mama Seremala

Sukari alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake nje ya duka la spea, anatafuta mtu wa kumliza, aliposikia Mama Seremala akilalamika kwenye simu.

"Dada, hili gari la pili linanitoa roho! Nilitengeneze au niliuze? Pikapu ya kazi inanitosha."

Jina la Sukari alipewa na watu aliowaliza kwa maneno matamu, kwa hiyo mama yake mzazi tusimlaumu. Alisogea taratibu.

"Shikamoo mama. Mimi fundi. Nikuangalizie, bure kabisa."

"Marahaba mwanangu. Mungu kakuleta."

Wakaenda kwenye karakana ya mama, gari lilikoegeshwa. Ilijaa unga wa mbao. Mama Seremala alikuwa nao mpaka kwenye kope. Sukari akafungua boneti, akainama, akachomoa waya mmoja wa plagi kimyakimya.

"Washa, mama."

Gari likatetemeka, likakohoa. Sukari akatikisa kichwa kwa huzuni ya mazishini.

"Pole. Injini ndiyo inatuaga. Kulitengeneza ni kutupa pesa."

"Maskini mie! Nani atalinunua sasa?"

"Wewe ni kama mama yangu. Chukua pikipiki yangu, mzigo huu niachie mimi."

Pikipiki ndiyo iliyokuwa ikimlisha, hana kingine. Lakini gari lile, waya ukirudi, angeliuza jioni hiyohiyo na kununua pikipiki tatu.

"Usije ukajuta, mwanangu."

"Mama! Mimi tena?"

Wakaandikishana, wakabadilishana kadi. Mama alipoingia ndani, Sukari akarudisha waya. Injini ikanguruma safi, gia zikaingia bila kelele. Akaondoka anaimba.

Mtaa wa tatu, gia zikaanza kusaga, gari likagoma katikati ya barabara. Fundi wa kweli akaja, akalala chini, akafungua gia boksi. Oili ikachuruzika, nzito kama uji.

"Bosi, huu unga wa mbao. Gia boksi ilikufa zamani. Wanaijaza hivi isipige kelele siku ya kuuza. Kwani hukukagua?"

"Nilikuwa na shughuli kwenye injini," Sukari alisema, machozi yanamlengalenga.

Pikipiki anayoijua ikasimama kando. Mama Seremala akashuka, akafungua kamba nyuma ya siti, akashusha kigoda.

"Kaa, mwanangu. Gari la kuvuta huchelewa."

"Mama, na yule dada yako wa kwenye simu, alijua habari za gia boksi?"

"Dada yupi? Simu yangu imezima tangu juzi."

Akapiga honi, akaenda zake. Sukari akakaa. Kigoda, kusema haki, kilikuwa imara.