Mtetezi wa Wabeba Trei

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimekula peke yangu tena. Mwaka wa tatu huu nagawa karata katika kasino hii karibu na uwanja wa ndege, na chumba cha mapumziko kina meza moja ambayo watu huikwepa. Ni ile niliyokaa mimi. Wiki iliyopita nilihamia nyingine. Na hiyo ikakwepwa.

Wahudumu wa vinywaji hukaa pamoja dirishani, wanacheka. Wengi wametoka Kongo na Burundi. Kiswahili chao nakielewa chote, ila hakuna anayenisemesha.

Leo nimepata njia. Nikiwa kwenye basi la kwenda Kipling nimesoma mtandaoni kwamba hapa Ontario, Kanada, anayehudumia pombe hulipwa chini ya kima cha chini cha mshahara, eti kwa kuwa anapata bakshishi. Dhuluma! Kwa hasira nimepitiliza kituo changu. Nitawatetea. Sijapata kuona watu wakimwacha kiongozi wao ale peke yake.

Jumanne, 4 Novemba

Tamko limekamilika. Kurasa tatu. Nimetoa nakala arobaini maktaba. Nimekodi ukumbi mdogo wa chini hapa kwenye jengo ninaloishi, Rexdale, Jumamosi saa nane mchana.

Kipchirchir ameniuliza karatasi za nini. Huyu ni msimamizi wetu, Mkenya, mtu wa viatu vinavyong'aa. Nimemjibu ni za maombi. Akasema nimwombee na yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimegawa karatasi zote. Zimepokelewa kwa tabasamu. Wengine wamesoma wakatazamana. Bila shaka wameguswa.

Dada mmoja, Yvette, mwenyeji wa Uvira, ameuliza kama kutakuwa na chakula. Nimemwahidi pilau. Sikuwa na mpango wa pilau.

Nimempigia binti yangu aliyeko Calgary nikamwambia baba yake sasa anaongoza harakati. Nimesema kwa Kiswahili, dakika kumi na mbili. Amejibu kwa Kiingereza, maneno mawili.

Jumamosi, 8 Novemba

Pilau ya watu thelathini. Viti thelathini, nimevipanga nusu duara ili nionwe na wote.

Saa nane, hakuna mtu. Saa nane na nusu, amekuja mzee wa ghorofa ya tisa akidhani ni mkutano wa kunguni. Nikamwambia ni wa haki. Akaondoka.

Saa tisa akaingia Yvette, peke yake, theluji mabegani. Nikasimama, nikaanza kusoma tamko. Amenisikiliza hadi ukurasa wa pili, ndipo akaniambia taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Kaka Godson, sheria hiyo ilifutwa mwaka 2022. Sasa tunalipwa kima kilekile kama wewe."

Nikauliza kama wenzake wanajua. Akasema wanajua wote, walikuwepo ilipofutwa. Wameona haya kuniambia. Nikauliza kwa nini basi amekuja.

"Nilijua hakuna atakayekuja."

Nikashughulika na sufuria kwa muda.

Amekula sahani mbili. Kisha akanieleza shida yao ya kweli. Glasi ikivunjika, au mteja akiondoka bila kulipa, Kipchirchir hukata kwenye bakshishi zao. Sheria hairuhusu. Yvette ameandika malalamiko ya kupeleka wizara ya kazi, anatafuta shahidi. Wenzake wana watoto, wanaogopa. Na mimi niliona, maana mwezi uliopita mlevi alimpiga Yvette kikumbo na trei ikaanguka mbele ya meza yangu, na Kipchirchir akamkata bakshishi palepale.

Nimeweka sahihi. Ameniomba tusimwambie mtu hadi apeleke Jumanne. Nimeapa. Ameondoka na pilau kwenye makopo manne. Nimekunja viti ishirini na tisa. Kimoja nimekiacha kidogo.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya ajabu. Kipchirchir amekuja na chai yake akaketi mezani kwangu. Mezani kwangu! Ameuliza habari za kwetu Mbeya. Ameuliza kama binti hajambo. Akasema sisi wa Afrika Mashariki tukiachana huku baridi itatumaliza. Akanialika nyama choma kwake Etobicoke Jumapili.

Nikaona mbali. Kwa nini watu wema wawili wapelekane wizarani wakati nipo mimi katikati? Wapatane, tukae watatu meza moja. Nimemweleza yote kwa lugha ya upole, na malalamiko, na jina langu, na siku. Amenishukuru sana. Amenishika bega. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika bega.

Jumatano, 12 Novemba

Yvette hayupo kwenye zamu ya jioni. Amehamishiwa asubuhi, wakati kasino ina wastaafu sita na bakshishi hakuna. Nimemkuta kwenye makabati akivaa koti.

"Ulimwambia," amesema.

Nikaanza kueleza habari ya upatanishi. Akainua mkono.

"Sikuhitaji kiongozi, kaka. Nilihitaji mtu mmoja aliyeona."

Malalamiko ameyapeleka hata hivyo, jana. Jina langu amelifuta. Alinionyesha nakala. Amelipiga mistari mingi, zaidi ya iliyohitajika.

Jumapili, 16 Novemba

Nimenunua kreti ya soda, nimepanda mabasi mawili hadi Etobicoke. Kipchirchir amefungua mlango kidogo. Ndani kelele za watu. Akasema kumbe nyumba imejaa, labda mwezi ujao. Soda akazipokea.

Ijumaa, 28 Novemba

Tangazo limebandikwa ukutani: hakuna tena kukata bakshishi kwa ajili ya glasi wala wateja waliotoroka, na waliokatwa watarudishiwa. Wasimamizi wamepewa onyo. Wahudumu wameleta keki. Hata waliokataa kuweka sahihi wamekula. Yvette amekatiwa kipande cha kwanza. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikapiga makofi kidogo, mwenyewe.

Kupitia ukuta huohuo nimemsikia akiwaambia kwamba Jumatatu anapeleka malalamiko ya pili, kuhusu kuhamishwa zamu kwa kisasi, na kwamba safari hii wenzake watatu, akawataja mmoja mmoja, wanatoa ushahidi.

Jumamosi, 29 Novemba

Sikulala vizuri. Nimetafakari kosa langu na nimeliona: Jumatatu ile nilimweleza Kipchirchir mambo kwa haraka mno, wakati wa mapumziko, dakika kumi na tano tu. Hakupata picha kamili.

Hivyo leo nimemwandikia ujumbe mrefu. Nimemwomba aniombee msamaha kwa Yvette, yeye ni mtu mzima anayeheshimika. Na ili aone kuwa bado nafasi ya kupatana ipo, nimemtajia malalamiko ya keshokutwa Jumatatu, pamoja na wale mashahidi watatu, kwa majina.

Ameusoma. Hajajibu bado, ila ameusoma mara moja, hata dakika haikupita. Nimetenga viti vitatu.