Mtoto wa Tumbawe Aliyezaliwa Mumbuni

Ni nini humfanya mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye shahada ya sayansi ya bahari, awaalike watu kumtazama mtoto ambaye hajathibitisha kwamba amezaliwa? Nimejiuliza tangu adhuhuri. Ninachojua ni kwamba leo nimejianika mchana kweupe, tena sebuleni mwangu hapa Mumbuni, mbali na bahari.

Wengi wenu mnalijua tangi langu la maji ya chumvi. Ndani yake mna tumbawe moja, la ukubwa wa kidole gumba, nililopewa na rafiki anayeyakuza Nairobi. Tumbawe ni mnyama wa baharini anayejijengea nyumba ya chokaa. Hupenda joto lisiloyumba na maji safi. Mimi nimempa baridi ya Julai, maji ya kisima na stima inayopotea bila kuaga. (Ikipotea, mimi huingiza hewa majini kwa pampu ya baiskeli. Ndiyo, nina mke.)

Mke huyo, Mwende, aliniwekea sharti: "Hiyo kitu ikizaa ama ikue kabla mwezi huu uishe, ikae. La sivyo, narudisha meza yangu hapo." Leo ndiyo siku ya mwisho.

Wiki iliyopita niliona vitone vitatu vyeupe kwenye kifaa cha kupashia maji joto. Matumbawe hutoa mayai majini. Vitoto huelea, huchagua pahali, hujibandika na kuanza kujenga. Hivi vilikuwa vimejibandika! Sikuvikagua kwa kioo cha kukuzia. (Nilikuwa nacho. Kilikuwa kando ya tangi.) Nikampigia mama simu, kijijini kwake Kalama.

Mama hakufanya mzaha. Kwetu bibi haendi kumwona mjukuu mikono mitupu. Leo alikuja na kibuyu cha uji, na jina tayari. "Amezaliwa mbali na kwao. Ni Kyalo," alisema, yaani wa safarini. Majirani sita wakaja. Nikahutubu. Nilisema, na ninakumbuka kila neno kwa uchungu, "Uhai haukubali kushindwa."

Mama akaomba kumgusa mjukuu. Nikachomoa waya, nikakitoa kifaa majini kwa taadhima. Akavaa miwani. Akapitisha ukucha kwenye kitone kikubwa, Kyalo mwenyewe. Kyalo akabanduka, akatumbukia katika kikombe chake cha uji.

Mama akamchota kwa kidole, akamtazama.

"Aiya! Mwanangu, hii si ni ile ya birika?"

Mwende akaenda jikoni, akarudi na birika, akalifunua. Ukoko wa chokaa ya maji ya kisima. Vitone vile vile.

"Basi Kyalo ako na ndugu wengi," akasema jirani yetu Mutiso. "Kwangu wamejaa sufuria!"

Walicheka hadi mmoja akashika ukuta.

"Kikemia," nikajitetea, "hata tumbawe hujenga kwa chokaa hiyo hiyo..."

"Kunywa uji," akasema Mwende.

Sharti ni sharti. Nikaanza kukusanya nyaya. (Macho yalikuwa yananiwasha. Ni ile chumvi.) Mama, miwani bado usoni, alikuwa ameinamia tangi.

"Na huyu mzazi mbona hakuna anayemjulia hali? Hapa chini ameongeza kitu."

Nikainama. Juu ya gundi niliyomshikizia kwenye jiwe ulikuwa umetambaa ukingo mwembamba wa waridi. Tumbawe lilikuwa limekua! Nami wiki nzima nilikuwa nikiuimbia ukoko.

Mwende akainama pia, akatazama. "Ni kidogo sana."

"Kama ukucha," nikakiri.

"Ulisema ikue," mama akamwambia. "Hukusema ikue aje."

Mwende akacheka, hatimaye. "Haya, ikae. Lakini maji ya kisima hapana tena. Kesho ni ya mvua, na utabeba wewe."

Nyongeza ya asubuhi: nimebeba madumu manne kutoka pipa la chini ya paa, nikayatia chumvi yake, Mwende akishika kipimo. Kisha nikawakwangua ndugu zake Kyalo wote kwa ndimu, wa birika wakiwemo. Mkicheka, chekeni polepole. Kuna mtu anakua hapa.