Maneno Tisa ya Kukuza Kitalu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayemwakilisha Mheshimiwa aliyepata udhuru, wakuu wa idara zote tisa pamoja na wenzi wenu, na nyinyi kina mama wakulima mlioketi sakafuni na makopo yenu ya miche, itifaki izingatiwe hata pale nilipoisahau! (Makofi, safu ya mbele.)

Kabla sijaanza kuanza, nitazameni vizuri. Mimi sikuzaliwa na tai shingoni. Nilianza utarishi, nikabeba mafaili miaka kumi na mmoja, nikapanda kwa jasho langu mwenyewe hadi Mkurugenzi wa Ukuzaji, na shukrani ninayopewa ni kuitwa Bwana Kesho! (Kicheko.) Chekeni tu. Takwimu hazicheki: tangu niingie ofisini, ukuzaji umekua kwa asilimia sitini na mbili nukta nne, na ukuzaji wa ukuzaji wenyewe kwa asilimia tisa.

Ndugu zangu, mradi huu wa Kitalu cha Kisasa, chenye tangi la maji, wavu wa kivuli na matuta arobaini, ambao tuliwaandikia barua kwamba msihangaike kutafuta ardhi kwingine bali mwoteshe miche kwenye makopo na kusubiri, umetekelezwa kitaalamu kwa maneno tisa ya Kiingereza, kwa sababu wafadhili ukiwaandikia kupanda na kumwagilia wanakuona mshamba. Robo ya kwanza tuka-initiate. Ya pili tuka-foster na ku-nurture kwa mpigo mmoja, jambo ambalo watangulizi wangu hawakuthubutu kulifanya. Ya tatu tuka-boost, tuka-enhance, tuka-strengthen. Na ya nne, baada ya semina ya siku tano, tuka-accelerate, tuka-scale up na hatimaye tuka-sustain!

(Sauti kutoka nyuma: “Baba, mizizi imeshatoboa makopo! Wiki hii isipopandwa inakufa. Tunapanda wapi?”)

Mama Miche, mama yangu, subira huvuta heri.

(“Heri yako wewe! Yangu imeanza kunyauka!” Vicheko.)

Swali zuri, nalijibu kwa hesabu. Idara tisa, maneno tisa, kila idara neno lake, na kila moja imeripoti kukamilisha asilimia mia. Jumlisheni wenyewe: asilimia mia tisa! (Makofi. Mluzi mmoja.) Ni kweli kwamba juzi fundi bomba aliingia ofisini kwangu na viatu vyake vile akauliza, “Mkuu, bomba nilivute mpaka wapi?”, ndipo tukabaini kwamba kuchimba hakukuwa neno la idara yoyote. Nikamwandikia barua ya karipio kwa kuuliza nje ya utaratibu.

(Fundi bomba, mlangoni: “Niliuliza mara tatu, mkuu!”)

Na barua ni tatu. Ofisi yangu haina upendeleo.

Kitalu, hoyee! (Kimya.) Ukuzaji, juu! (“Juu,” safu ya mbele.) Uvivu, chini! (Kikohozi.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wakuu wa idara kwa maneno yao. Lakini zaidi nawashukuru nyinyi kina mama, mliootesha, mkamwagilia kwa ndoo zenu na kuleta humu ukumbini miche elfu nne na mia mbili, ambayo asubuhi hii imehesabiwa, imepigwa picha na kuingizwa kwenye ripoti kama mavuno ya kitalu, na kwa hiyo mradi umefungwa rasmi kwa mafanikio. Sasa, kwa heshima na taadhima, kila mama abebe makopo yake, maana saa tisa ukumbi una kikao kingine, na anayesubiri lori la kumpeleka kitaluni asijisumbue: lori lipo, dereva yupo, mafuta yapo, ila kitalu hakipo na hakijawahi kuwepo. Asanteni sana kwa kukikuza.

(Kina mama wanasimama na makopo yao. Mama Miche: “Jamani, twendeni kwenye bustani ya maua ya ofisi yake. Pale udongo ni mzuri, na bomba la maji liko dirishani.” Fundi bomba anawafungulia mlango.)