Stamili wa Mkunya Katika Vita vya Sare Mbili

Naanza kwa jina la Mola, aliyewavika ndege wote manyoya bila kuwachangisha. Enyi watu wa Mkunya, nanyi wa Chiwata, wekeni chini korosho mnazobangua, msogee, msikie habari ya Stamili binti Fikirini, simba jike wa nchi ya juu, aliyesimama kati ya majeshi mawili ya vitenge asikimbie.

Chanzo cha vita ni harusi. Siti wetu wa Mkunya aliolewa na Hamidu wa Chiwata. Na Stamili, mzaliwa wa Chiwata aliyeolewa kwetu, kwa Hamidu ni shangazi, dada wa baba yake, na kwa Siti ni somo, aliyemfunda unyagoni. Upande wa mwari ukatangaza sare ya kijani yenye mananasi. Upande wa bwana, zambarau yenye miamvuli.

Mama Siti, jemadari wa kijani, akanena: "Somo, tusidanganyane. Asiyevaa nanasi haingii kwa mwari."

Mama Hamidu, jemadari wa zambarau, akapiga simu, sauti yake tukaisikia jikoni sote: "Wifi, nikikuona na mananasi yao, kaa huko huko uwe nanasi! Mstari wa mashangazi usitie mguu."

Stamili hakulia. Aliswali adhuhuri, akabeba vitenge vyote viwili mpaka kwa Nikolao, fundi cherehani, akamwambia: "Fundi, gauni moja. Kitambaa cha wanaongoja kiwe mbele, cha wanaoingia kiwe nyuma. Kila mtu aone chake."

Nikolao ni fundi hodari, lakini ni mtu wa kanisa, na harusi aijuayo yeye, bwana ndiye hungoja mbele ya padri, bibi akaingia. Kwetu mwari hungoja ndani, bwana na watu wake wakamfuata. Basi asubuhi ya harusi Stamili akavaa gauni, akatazama kifuani, lahaula! Miamvuli! Mananasi yote yako mgongoni, na honi ya Kosta kutoka Chiwata imeshalia barabarani.

Ndipo shujaa alipofanya tendo ambalo ukoo wake haujapata kulifanya. Mashangazi wa Chiwata walipojipanga, alikamata nafasi ya kwanza, akawageuzia uso, akaanza kwenda kinyumenyume kuelekea nyumba ya mwari. Nyuma yake wenyeji wakiona mananasi, mbele yake wageni wakiona miamvuli.

"Wifi, umerogwa?" akauliza Mama Hamidu.

"Nawachunga, wifi, msije mkapotea."

Barazani Mama Siti akakaza macho. "Huyo somo anakuja au anaondoka?"

Kuku wakatawanyika mbele ya visigino vyake kama askari walioishiwa risasi. Mimi nilikuwa kwenye sufuria la pilau, nikamwona analijia mzimamzima, nikapiga ukelele: "Kushoto, mwenzangu, utaungua!" Akapinda kushoto kama jahazi la vita, akapanda ngazi kwa kupapasa na unyayo, akaingia chumbani.

Siti alikuwa mkekani, kanga usoni, macho chini kama alivyofundwa. Akaletewa mgongo.

"Somo, mbona unanipa kisogo? Geuka nikuone."

"Akigeuka ni mtu wao!" akapaza sauti Mama Siti kutoka mlangoni.

"Mama, mananasi hayakunifunda mie."

Stamili akageuka, miamvuli yote hadharani, na machozi nayo. Siti akafunua kanga, jambo ambalo mwari hafanyi, akamshika mkono, akacheka mpaka wanja ukamharibika.

Mama Siti akaitazama miamvuli, akautazama ule mkono, akasonya. "Haya, msogezeeni mkeka. Ila kwenye picha akae ubavu."

Basi na itangazwe kutoka Newala mpaka Masasi, wajue na watakaozaliwa: Stamili binti Fikirini aliuvuka ua wa Mkunya kwa visigino, hakukanyaga kuku, hakumwaga pilau, na alipogeuka hapana aliyemtoa.