Dawa ya Maotea Haiwaki

Jumatatu, 10 Machi 2025. Katumba.
Chama cha msingi kinatafuta chumba cha kuhifadhi dawa ya kuzuia maotea, yale machipukizi ya pembeni ya tumbaku. Mwenye chumba ndiye atakuwa mtunza ghala. Ninacho, kimeegemea bani langu la kukaushia tumbaku. Shemeji yangu Siméon naye anacho, cha bati jipya. Anajisikia. Afisa ugani, dada Nyanzala, amekikataa changu. Eti dawa hiyo ni alkoholi ya mafuta, ikipata joto la kutosha inawaka yenyewe, bila kiberiti. Sijawahi kuona kitu kinajiwasha.

Jumanne, 11 Machi.
Nimemuuliza dada Nyanzala wamejuaje. Akasema maabara wanapasha chupa moto, wanadondosha tone, wanazima taa, wanaangalia kama litawaka. Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Nimefunga madirisha ya jikoni, nikapasha sufuria, nikadondosha dawa. Moshi, machozi, kikohozi. Moto hakuna. Mke wangu, Mama Vestina, akauliza ugali atapikia wapi. Nikamwambia anaongea na mtunza ghala.

Jumatano, 12 Machi.
Siméon anasema mkaa wangu ulikuwa umepoa. Wivu. Nimemwalika kesho, yeye na mwenyekiti wa chama. Nitaweka kopo la dawa ndani ya bani, juu ya bomba linalopitisha joto la kuni. Mama Vestina ananikumbusha kuwa tumbaku yetu yote imo humo, na ada ya Vestina inaitegemea. Hana imani na mume wake. Inauma.

Alhamisi, 13 Machi.
Niligeuza mifuko mbele ya mashahidi, wasije wakasema nina kiberiti. Nikachochea kuni mpaka bomba likawa jekundu. Tukachungulia kidirishani. Kwanza moshi. Kisha kopo likawaka, hakuna aliyeligusa. Majani makavu hayangoji. Bani limekwisha kabla ya adhuhuri, chumba kimesalimika. Siméon alibeba ndoo nyingi kuliko mimi, na hilo limeniudhi. Mama Vestina alikaa chini akalia.

Jumapili, 16 Machi.
Ghala kapewa Siméon. Kuanzia kesho Mama Vestina atakuwa kibarua kwake, anafunga tumbaku, apate hiyo ada. Baada ya misa nilimfuata mwenyekiti. Nikamweleza kwamba bani langu halipo tena, kwa hiyo chumba changu sasa hakina joto ubavuni. Akaniuliza kama nimekula. Watu hawasikii hoja. Siméon naye ana bani, tena karibu na ghala lenyewe, na hakuna aliyelipima. Nimeshapata kopo lingine la dawa. Kesho nitaliweka juu ya bomba lake, waone.