Mbuzi Waliofunga

Jumatatu, 2 Agosti
Kisiwani hapa hakuna anayezijua fukwe kama mimi. Zote nimeziogelea. Haya, sijui kuogelea. Lakini nimeziona zote, tena kutoka juu barabarani, ambako mtu halowi.

Nina habari. Kesho Tryfon, dereva wa basi la wageni, atawatoa watu ufukweni awapandishe kijijini kwetu waonje vya kisiwa. Atachagua ua mmoja, na hapo ndipo atakapowashusha wageni hadi Oktoba. Ama wangu, ama wa shemeji Kalliroi, mjane wa kaka yangu, mlango wa pili. Ghala langu la chini limejaa jibini iliyolala kwenye mashapo ya divai tangu Pasaka. Isiponunuliwa, mbuzi nao wataondoka. Kalliroi ana nini? Dengu na zeituni. Namhurumia.

Jumanne, 3 Agosti
Nimeziba njia ya kwa Kalliroi kwa punda, nikasema amegoma. Wageni wote wakaingia kwangu. Akina mama watupu, kutoka Thesalonike. Nikawakatia jibini vipande vya kushiba. Mkono haukunyooshwa hata mmoja. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza nani alinibatiza, akamlaumu huyo.

Kumbe ni watu wa kanisa, wamekuja kuhiji. Na tangu juzi tumo kwenye mfungo wa Mama wa Mungu: nyama hakuna, maziwa hakuna, jibini hakuna, mpaka sikukuu yake tarehe kumi na tano. Mimi mara ya mwisho kufunga nilikuwa jeshini, na si kwa hiari.

Nikawaza upesi. Nikawaambia mbuzi wangu nao wamefunga, hawali ila majani, hivyo maziwa yao hayana hatia. Yule mama akaniuliza kama divai niliyokunywa nayo ilikuwa ya majani. Wakampita punda mmoja mmoja. Kwa Kalliroi dengu zimeliwa mpaka ukoko.

Jumatano, 4 Agosti
Padri Anthimos kanisimamisha kisimani, mbele za watu. Habari za mbuzi watawa zimemfikia. Anauliza watakuja lini kukomunika, awaandalie kijiko kirefu cha komunyo.

Tryfon kasema basi litashusha kwa Kalliroi. Nikamlilia kidogo. Kanipa nafasi moja tu, mfungo ukiisha, siku nitakayotaka mwenyewe. Nikiikosa, nisimwite tena.

Jumatatu, 16 Agosti
Mfungo umekwisha, jana watu wamekula nyama mpaka wakasinzia. Nimemwambia Tryfon alete basi Ijumaa. Mahujaji wengine hao, wengi kuliko wale.

Kalliroi kachungulia juu ya ukuta. Eti shemeji, una kichwa au una boga? Watu wa kanisa kila Ijumaa hufunga, mwaka mzima, hata mbuzi wako wanajua. Wivu huo. Anataka niahirishe ili auze yeye. Nimemwambia asinifundishe dini, Ijumaa ni Ijumaa.

Kabla hajashuka ukutani nikamuuliza bomba la jikoni kwake lilipoziba Krismasi, nani alilala chali chini ya sinki. Si mimi? Basi aniazime ile meza yake ndefu. Jibini ni nyingi, meza yangu haitatosha.