Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Maneno ya Staha, Kwihara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi na msaidizi wake. Baba Paroko, Mchungaji, na Shehe wetu kutoka mjini. Wazee mliopewa viti. Akina mama mnaojitafutia kivuli. Na mastekiholda wote, itifaki imezingatiwa: shikamooni mlionizidi, na wengine marahaba, hata ambao hamjaniamkia. (Makofi machache.)

Mimi Emilian, Mratibu wa Mradi, nasimama mbele ya pazia hili la kijani, ambalo nyuma yake ndipo kilipo Kituo. Utafiti shirikishi, nilioufanya mwenyewe nikinywa chai, umebaini kwamba asilimia tisini na tisa ya maneno ya mitaani huja na basi la Dar es Salaam na kushuka stendi bila kukaguliwa. Mwanamke mwenye hela zake akionekana na kijana anaitwa mshangazi, lakini mwanamume wa hivyo hivyo tunampisha kiti. Mrina asali wa Sikonge tunamwita mshamba huku tunalamba vidole. (Vicheko.) Na mtu anayemganda mkubwa kwa sifa anaitwa chawa, neno ambalo, kwa masikitiko makubwa, wananchi wamelielekeza kwangu, ati kwa kuwa niliwahi kusifia hata breki za gari la Mgeni Rasmi. Breki zile zilikuwa nzuri, Mheshimiwa. (Vicheko virefu.)

Ndipo, katika fremuweki ya mkakati, nikapiga marufuku matusi, majina ya kubandikana na mizaha yote kata nzima, hadi Kituo kitakapowafundisha watu maneno mbadala. Impakti ilionekana mara moja. Mwezi uliopita nilimzika mama yangu. Mwanajuma yule pale, mtani wa ukoo wetu, ambaye kazi yake msibani ni kuigiza mwendo wa marehemu na kututukana mpaka tucheke, alikaa mkekani kimya kama mgeni. Nilipomuuliza akanijibu, "Mheshimiwa, si umekataza? Nisije nikafungwa kwa ajili ya mama yako."

Tulimzika mama bila kucheka hata kidogo. Niliumia, ndugu zangu, na bado naumia.

Hivyo, kwa mamlaka niliyojipa, natengua agizo kuanzia sasa. Mtani, kesho kutwa tunaanua matanga ya mama. Njoo ufanye kazi yako. Anza hata hapa, niite chawa.

(Mwanajuma, kutoka nyuma: "Nimtanie Mheshimiwa Mratibu? Nionyeshe kwanza hicho kituo!")

Naam. Hilo limepokelewa na litafanyiwa kazi. (Miguno. Mratibu anajifuta jasho.)

Staha! (Sauti moja: "Kwanza!") Maneno mazuri! (Watu wanalitazama pazia.) Mwisho, namshukuru Fundi Idrisa kwa kushona pazia, ambalo ndilo utekelezaji wote wa mradi huu, na Mzee Ngollo kwa kuturuhusu kulifunga kwenye miti yake. Mheshimiwa, nakuomba usilivute. Nyuma yake kuna tumbaku ya Mzee Ngollo, na imestawi vizuri sana.

(Mwanajuma anainuka: "Chawa mkubwa wewe! Umevaa tai juani kuzindua tumbaku ya watu! Mama yako alikuwa anatembea hivi," anapita mbele ya meza kuu mkono kiunoni, akichechemea, "lakini alikuwa anajua anakokwenda!" Vicheko. Mratibu anacheka, kisha analia.)

Asante, mtani. Asanteni sana kwa kunisikiliza.